Pua ya Mosolo

Mosolo alikuwa na maringo ya pua. Wengine hujivunia sauti, wengine watoto, yeye alijivunia pua yake, tena bila aibu, mbele za watu.

"Nyinyi mna macho," alikuwa akituambia, "ndiyo maana mnapotea kila siku."

Nilikuwa karani wake miaka kumi na tisa, na muda wote huo sikumwona hata mara moja akifungua kitabu cha miti. Alifika kwenye mti, akachanja gome kwa panga, pigo moja tu la mshazari. Akaangalia rangi ya ndani, akangoja utomvu, kisha akainama akanusa. Halafu aliinua kichwa na kuliita jina la mti kwa sauti ya kusikika hadi kwa wafyeka njia kule mbele. Mimi nililirudia jina kwa sauti ileile, ndipo nikaandika. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kuhesabu miti: jina lisiporudiwa, mti haujahesabiwa. Mimi ni mtu wa Kisangani, nilikuja Kameruni kwa kazi ya miezi sita, nikaoa huku, na sasa meno yameanza kunitoka huku huku. Kurudia majina aliyoyaita Mosolo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote maishani.

Kwao ni ng'ambo ya mto Boumba, kwa watu wa Baka, na miti alifundishwa na baba yake. Mzee huyo alimfunga macho kwa jani la mgomba, akampa vipande vya gome kimoja kimoja, na mtoto alitakiwa kutaja jina. Akipatia, alilambishwa asali. Akikosea, asali analamba baba. "Mwaka wa kwanza," Mosolo aliniambia, "baba alinenepa sana."

Kupanda alifundishwa na baba huyo huyo, na kwa upande huo sikuwahi kuona mtu mwenye masharti kama yeye. Kwanza aliuzunguka mti mzima akitazama juu, kuangalia kama kuna tawi kavu lililonasa. Akatafuta njia ya siafu, maana siafu hawabishani na mtu aliye juu, wanakula tu. Kama mti umeinama, alipanda mgongoni mwake, kamwe si tumboni. Kama una mizizi mipana iliyosimama kama kuta, alianzia kwenye mti mwembamba wa jirani, akahamia kwenye ule mkubwa akiwa juu ya hizo kuta. Mkanda wake ulikuwa wa henzerani, kamba ya msituni, aliyoikata asubuhi ileile, nyuzi mbili zilizosokotwa, ukizunguka mti na kiuno chake. Mkanda wa jana hakuugusa. "Wa jana umekauka," alisema, "na ukikauka hautoi taarifa, unakatika tu." Kabla ya kuuvaa aliwaita watu watatu wanene waning'inie. Mimi niliitwa kila mara, na kila mara alinishukuru kwa tumbo langu.

Mhandisi wetu, Owona, kijana wa Yaoundé mwenye adabu na daftari safi, alileta vifaa vya kisasa: kamba za nailoni, kofia ngumu, mkanda wa kiunoni na mapajani wenye kulabu za chuma, na manati kubwa ya kurushia uzi kwenye tawi. Mosolo alikubali kujaribu, kwa heshima. Tulimvuta akafika kama urefu wa mtu mmoja na nusu, akabaki hapo anazunguka polepole, mikono imelegea.

"Mhandisi," akasema kutoka juu, "hii ni ya kupandia, au mnanikausha?"

Owona alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo hakumlazimisha tena, ila aliandika kwenye ripoti kwamba mzee amepewa vifaa.

Sasa nieleze mwaka ule. Vijiji vya upande wetu vilikuwa vimeruhusiwa kujitengea msitu wao wenyewe, na ndani yake kulikuwa na miti ambayo haingeguswa na msumeno wa mtu yeyote. Uliokuwa moyoni mwa kila mmoja ni boyo, mti wa viwavi. Boyo ni mti wa mbao ghali, watu wa mbao wanauota usingizini. Kwetu ni mti ambao mwezi wa nane unadondosha viwavi, kitoweo chetu, mpaka watoto wanatembea na vikapu vichwani wasije wakaangukiwa shingoni. Kila boyo tuliyoihesabu ilipigwa rangi nyeupe, ikawa ya kijiji. Tatizo lake ni kwamba ana ndugu, kosipo, ambaye ukimtazama kwa haraka utaapa ni yeye. Gome la nje linakaribiana, shina linapaa vilevile, na jeraha la panga ni wekundu uleule. Ila boyo akichanjwa ananukia, tena vizuri, na kosipo hana harufu hiyo. Owona alituambia mapema: wakaguzi watakuja kukagua baadhi ya miti, na wakikuta majina yamechanganywa, orodha nzima inatupwa. Kwa hiyo miti ya viwavi ya vijiji vinne ilikuwa imekaa juu ya pua ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe hilo lilimpendeza mno.

Mwezi wa pili aliugua homa. Alilala wiki tatu, mkewe Nawa akimlisha uji kwa kijiko na kumtukana ili asife. Aliporudi kazini alikuwa amekonda lakini mcheshi vilevile. Kilichobadilika ni kwamba alianza kupanda. Zamani alipanda mti kwa shida maalumu, labda mara mbili kwa mwezi, kuchuma jani la mti uliomshinda chini. Sasa kila tukifika kwenye mti wa jamii ya boyo alichanja, akainama, akakunja uso, akasema, "Huu una mashaka. Naleta majani." Alikuwa na miaka sitini au zaidi, hakuna aliyekuwa na hesabu kamili. Vijana wa kufyeka walimtania kwamba homa imemrudishia ujana, na yeye aliwaambia wawafungie wake zao.

Mimi nilicheka pamoja nao. Mjinga mimi.

Nilijua ukweli asubuhi moja baada ya mvua. Kuna mti huku unaonuka kitunguu saumu kuliko kitunguu chenyewe, na ukilowa, mtu aliye hatua mia anaanza kutafuta sufuria. Ulikuwa pembeni kidogo ya mstari wetu, umefichwa na vichaka. Wote tuliunusa. Vijana wawili wakaacha mapanga wakaenda kubandua gome la kupikia samaki. Miaka yote wa kwanza kukimbilia mti huo alikuwa Mosolo, hata katikati ya kazi, maana Nawa alipenda sana gome lake. Siku hiyo alipita. Alipita kabisa, macho mbele, anapiga mluzi, kisha akageuka kutuuliza mbona tumesimama.

Nilimtazama mgongo wake njia nzima. Alasiri, wengine walipokuwa mtoni wanaoga, nilimfuata alipokaa akinoa panga.

"Mzee Mosolo, leo tumepita mti wa kitunguu."

"Wapi?"

"Unaniuliza mimi wapi?"

Aliendelea kunoa. Akaupima ukali kwa kidole gumba, akanoa tena, nami nikakaa karibu naye.

"Homa iliondoka nayo," akasema mwishowe. "Niliamka nikakuta hakuna kitu. Moshi hakuna. Nyama hakuna. Nimempakata mjukuu wangu, nimeweka pua utosini pake, ni kama nimenusa ukuta."

"Umeenda hospitali?"

"Nimeenda. Daktari amenimulika tochi ndani, akaniambia nina pua nzuri sana."

Tulicheka wote wawili, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Kisha nikapandwa na hasira, nikamwambia ataanguka afe kwa sababu ya daftari, na daftari nalishika mimi, sitaki kuandika jina lake humo.

"Daftari ni lako, Karani," akasema. "Mimi wakisema Mosolo hanusi, watasema ni Mosolo yupi huyo? Mkanda ninao, miguu ninayo. Jani likishuka, jina linapatikana. Nimekukosea jina hata moja?"

"Bado."

"Basi usiniwekee kilio."

"Nawa anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui."

Nikanyamaza. Sijivunii. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nimezoea kurudia anachosema. Alivyosema sijui, nikawa sijui.

Wiki iliyofuata Nawa alitokea kambini na mtungi wake na mkeka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuimba alfajiri ambayo ilikufikia kabla hujamwona. Alisema amekuja kutupikia kwa sababu sura zetu zinamtia aibu. Mosolo alinuna kidogo, akasema kambi si mahali pa wake za watu. "Basi nihesabu kama mti," Nawa akamjibu, akawasha moto.

Chakula kilibadilika, na hilo tulilishukuru. Lakini hakukaa jikoni. Akishainjika alitufuata kwenye mstari, akiokota uyoga na karanga za porini, mara yuko mbele, mara nyuma. Mosolo akipanda, yeye alisimama chini ya mti mpaka aguse ardhi. Siku moja mguu wa Mosolo uliteleza, akaning'inia kwa mkanda kwa muda wa kumeza mate, akajirudisha. Jioni yake Nawa alinijia.

"Karani, wewe kazi yako ni kuandika tu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Andika."

Aliondoka, na nikabaki naona aibu bila kujua anajua kiasi gani.

Mti wenyewe ulikuwa wa mwisho kwenye ile sehemu ya kilimani. Ulikuwa mkubwa kuliko yote tuliyohesabu mwaka ule. Watu watano hatukuweza kuukumbatia. Kama ni boyo, ungelisha vijiji viwili kwa mwezi mzima, na Owona alikuwa amekwisha kukoroga rangi nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na gome lilikuwa bado linateleza. Mosolo alichanja. Kipande kikaanguka kwenye majani. Akainama, akakunja uso, na nikajua atakachosema.

"Huu una mashaka. Naleta majani."

"Mzee, tungoje kesho gome likauke," Owona akasema.

"Kesho tuna mstari mwingine, mhandisi."

Nilifungua kinywa. Yeye akanitazama, nikakifunga. Henzerani karibu na pale ilikuwa changa, akaikata hivyo hivyo. Tukaning'inia watatu, ikatubeba. Akaanza na mti mwembamba wa jirani, akahamia juu ya mizizi, akatupa mkanda juu, akaegemea nyuma, akapanda, akatupa tena. Kwa kishoka kidogo alichonga vidato kwenye gome, gome tu, bila kufika kwenye mti wenyewe. Kwa mtu wa umri wake lilikuwa jambo la kupendeza kutazama, kama ungeweza kutazama. Mimi nilitazama daftari.

Alikuwa kama theluthi mbili ya njia niliposikia mlio mdogo, mkavu. Uzi mmoja wa mkanda ulikuwa umepasuka. Tuliiona ncha yake ikicheza hewani. Mosolo alijibana kwenye shina, shavu kwenye gome, na hakusogea. Juu yake hadi kwenye tawi la kwanza palibaki kama mita kumi. Owona akasema kwa sauti ya chini, "Ashuke. Mwambieni ashuke."

Nikaita. "Mzee Mosolo, shuka!"

"Jani," akajibu. Akaanza kuutikisa mkanda ili autupe juu tena.

Hapo Nawa aliinama. Aliokota kile kipande cha gome kwenye majani, akakisugua kwa gumba, akakipeleka puani. Alivuta pumzi mara moja tu. Kisha akainua kichwa na kuita, kwa ile sauti yake ya alfajiri, jina moja.

"Boyo!"

Msitu mzima ulilisikia. Wafyeka waliokuwa ng'ambo ya kijito waliacha kazi. Juu kule mkanda uliacha kutikisika. Niliangalia uso wa Nawa, na ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anajua muda wote, na kwamba neno hilo lilikuwa limemgharimu zaidi kuliko lilivyotugharimu sisi kunyamaza.

Mosolo alibaki amejibana pale juu. Ningeapa ni nusu saa, labda ilikuwa pumzi kumi. Akikubali jina hilo, anakubali mbele ya vijana wote na mhandisi kwamba mkewe amenusa kile ambacho yeye hakunusa. Akikataa, anatupa mkanda wenye uzi mmoja.

"Boyo," akaita. Haikuwa sauti yake ya siku zote, lakini aliita.

"Boyo," nikarudia. Nikaandika.

Kushuka ndiko kulikokuwa kubaya. Mkanda wa uzi mmoja hauwezi kuegemewa, kwa hiyo alishuka kwa vidato, amekumbatia gome, na vidato hakuviona. Nawa alikuwa anamwongoza. Kushoto, chini kidogo. Hapo. Mguu wa kulia, teremsha, bado, bado, hapo. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alipohamia kwenye mti mwembamba, Owona aligeuka pembeni akatapika. Alipofika chini, vijana walimshika, akawaondoa mikono, akaenda kukaa kwenye mzizi. Kifua na mapaja vilikuwa vimechubuka vinatoka damu. Owona akatutolea macho, tukasogea kando wote, isipokuwa mimi sikusogea mbali, maana mimi ni mmbea na nilikuwa na deni la kuona nilichokuwa nimekificha kinakwisha vipi.

Nawa akakaa karibu naye. Alianza kumpangusa damu kwa ncha ya kitenge, bila upole.

"Tangu lini unajua?" Mosolo akauliza.

"Tangu mwezi wa tatu. Nilikupikia samaki aliyeoza."

"Kwa makusudi?"

"Mwanzo nilipitiwa. Ukamla wote, ukalamba vidole, ukanishukuru. Kesho yake nikakupikia mwingine kwa makusudi."

"Ndiyo maana niliharisha."

"Ndiyo maana."

Alicheka. Alianza kucheka vizuri tu, mabega yanapanda, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti. Sijawahi kumsikia mwanamume wa huku akilia hivyo hata msibani. Nawa hakumwambia anyamaze.

"Mbona hukusema?" akamuuliza kutoka ndani ya viganja.

"Ulitaka nisijue. Nikawa sijui. Leo nimeshindwa, ningefanyaje? Ungekufa huku mimi nimeshika jina mkononi."

"Na wewe boyo umeijulia wapi?"

"Mume wangu, miaka arobaini naokota viwavi chini ya boyo. Unadhani nilikuwa nangoja wewe uje kunitajia?"

Mosolo alipangusa macho kwa kiganja, akaangalia vijana waliokuwa wanajifanya wanapiga rangi, akaniangalia mimi niliyekuwa najifanya naandika. Kisha akamnyooshea mkewe mkono. Nawa akampa kile kipande cha gome. Alikigeuza, akakipeleka puani kwa mazoea, akakaa nacho hapo kidogo, akakishusha. Akamrudishia.

"Niambie," akasema.

"Nikwambie nini?"

"Kinanukaje."

Nawa si mtu wa maneno matamu. Alinusa, akafikiri, akanusa tena. Alisema kwanza inakuja kama sanduku jipya, ukiwa umefungua kifuniko. Halafu nyuma yake kuna pilipili, si ya kuwasha, ile kavu. Halafu ukikaa nayo, inakuja tamu kidogo, kama mkono wa mtu aliyetoka kurina asali ameshanawa lakini haijatoka yote. Mosolo alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea gome, anasikiliza kama alivyosikiliza, nadhani, zamani chini ya lile jani la baba yake. Nawa alipomaliza, Mosolo alikuwa bado amefumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."